Printa ya Mwalimu Sefu wa Kigombe

Siku mliyoniaga kazini, mmoja wenu aliniuliza, "Mama, katika mashine zote ulizozishika, ni ipi iliyokutesa zaidi?" Nikacheka, nikamwambia nitamjibu nikishapumzika. Nimepumzika wiki tatu sasa, na kupumzika kwenyewe kumenichosha, basi nakaa niandike.

Habari za vyeo sitaziandika. Vilikuwa vichache, na barua zake zilichelewa mpaka nikasahau kama niliviomba. Nitaandika habari za mashine na za watu waliozileta, kwa sababu mashine haiji karakana kwa miguu yake. Hubebwa na mtu, na mtu huyo anakuwa na shida yake.

Niliingia karakana yetu mwanzoni mwa miaka ya themanini, msichana wa Moa niliyetoka shule ya ufundi, nimevaa sketi ya kuazima kwa dada yangu. Aliyenipokea alikuwa Mzee Yakobo, Msambaa wa kule Lushoto, Mlutheri aliyefanya kazi huku akiimba tenzi za kanisani kwa sauti ya chini. Karakana nzima ilikuwa inanuka mafuta ya taa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi mpya?"

"Ndimi."

Hakuniuliza kwa nini mwanamke. Alinitazama mikono. "Vidole vyembamba," akasema. "Afadhali. Vyangu haviingii tena kwenye herufi." Akanipa taipureta iliyotoka bandarini, mswaki mkuukuu na kikombe cha mafuta ya taa, akaniambia nisafishe herufi moja moja. Nilipofika kwenye herufi ya tatu mende watatu walitoka. Nikapiga ukelele. Mzee Yakobo akasema kwa utulivu, "Hao ni wapangaji. Wenye nyumba bado wako ndani." Na kweli walikuwamo.

Nyinyi mliozaliwa na maduka yamejaa hamtaelewa vizuri miaka ile. Sabuni hakuna, sukari hakuna, na utepe wa taipureta ndio kabisa. Mikono tuliiosha kwa majani ya mpapai. Utepe ukikauka tuliufungua wote mezani, tukaupaka masizi ya chemli tuliyoyakoroga na mafuta ya mashine, tukauanika, tukaukunja upya. Barua zilizotoka ofisi za mkoa wakati ule zilikuwa zikichafua vidole vya kila aliyezisoma, na nadhani wakubwa wengi walidhani ni ubaya wa karatasi.

Vipuri navyo tulivitoa kwa maiti. Kulikuwa na rafu nzima ya mashine zilizokufa, na Mzee Yakobo alizijua moja moja, hii imebaki na springi nzuri, ile ina roli zima la kuvutia karatasi. Siku moja mahakama ya Pangani ilileta taipureta iliyovunjika herufi A. Hebu jaribuni kuandika Kiswahili bila A. Karani alikuwa ameacha nafasi wazi, akijaza kwa kalamu, hukumu nzima, kurasa kumi na moja. Mzee Yakobo alitafuta rafuni siku mbili, akapata A ya mashine ya aina nyingine kabisa, akaichomelea. Ilikaa juu kidogo ya wenzake. Kwa miaka mingi ukiona hukumu ya Pangani uliitambua kwa mbali, A zote zimeruka kama zimekanyaga moto.

Kabla ya kushika bisibisi, Mzee Yakobo alikuwa na maswali yake matatu kwa mwenye mashine. Ilikuwa inakaa wapi? Iliacha kufanya kazi lini? Na unataka kuandika nini? La kwanza na la pili niliyaelewa upesi. Chumvi ya bahari hula chuma, na mashine iliyokaa dirishani Tanga mwaka mmoja ni sawa na iliyokaa Lushoto miaka kumi. La tatu niliona ni udadisi wa mzee. Makarani nao walimcheka. Alipostaafu akarudi milimani, aliniachia chupa tatu za skrubu na matusi mawili ya Kisambaa, na mimi nikaendelea na maswali mawili ya kwanza tu.

Halafu mambo yakafunguliwa. Bidhaa zikaja, mitumba ikaja, mashirika ya umma yakaanza kuuzwa na kufungwa moja baada ya jingine. Kila ofisi iliyofungwa ilitumwagia taipureta zake mlangoni. Karakana tulikuwa kumi na moja, tukabaki watatu. Mimi nilipelekwa Dar es Salaam wiki sita kujifunza kompyuta, na nilibaki kazini, nadhani, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kwenda. Kisha zikaja printa. Kwanza zile za pini, zenye kelele kama mashine ya kusaga, lakini ngumu, za kuaminika. Nyuma yake zikaja za wino.

Vijana, printa ya wino mnaijua, lakini sisi ilitushangaza. Chini ya katriji, kikopo chake cha wino, mna vitundu vyembamba kuliko unywele, na wino unarushwa humo matone matone. Haitaki kupumzika. Taipureta ukiiacha miaka mitano, ukaipaka mafuta, huamka ikalalamika kidogo tu. Printa ya wino ukiiacha miezi michache hukauka mdomo, na aghalabu haisemi tena. Wafadhili na miradi walizigawa kwa ukarimu mkubwa. Wino wa pili hawakuuleta.

Kosa langu la kwanza lilikuwa shule moja ya Muheza. Waliniletea printa iliyolala stoo miaka miwili, na mimi, kwa kiburi cha cheti kipya, nikaifufua. Nilishangiliwa. Mkuu wa shule akanunua katriji mpya Dar, kwa fungu lililokuwa la chaki. Baada ya wiki mbili roli likashindwa kuvuta karatasi, na walimu wakabaki na printa nzima isiyokula karatasi na ubao usioandikwa. Mwalimu mmoja aliniambia, bila hasira, "Bi fundi, bora ungetuambia imekufa." Neno lile lilikaa nami. Tangu hapo nikawa mkali. Ukileta printa ya wino ya zamani, naifungua, naitazama, nakwambia ukweli, na ukweli karibu kila mara ulikuwa kwamba haifai. Mjini wakanipa jina la Bi Mzishi. Nililichukia nje, na moyoni lilinipendeza kidogo.

Sasa nifike kwa Mwalimu Sefu.

Alikuja Jumanne asubuhi kwa basi la Kigombe, mzee mrefu wa kanzu iliyopigwa pasi, ameshikwa mkono na binti yake, Zuhura. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, meupe kama maji ya mchele. Zuhura, mwanamke wa miaka kama thelathini, alibeba printa imefungwa kwa kanga mbili. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia, akakaa, akataka nimwambie karakana inafananaje. Nikamwambia. "Basi bado kuna vumbi," akasema. "Nilikuwa nalisikia."

Nikauliza maswali yangu. Ilikuwa wapi? Ofisi ya mradi wa wavuvi pale Kigombe, Zuhura ndiye aliyekuwa karani wao. Mradi ulifungwa mwaka jana. Iliacha lini? Haikuacha, haijatumika tu, mwaka wa tatu huu, tangu pesa za wino zilipokatika. Kwenye orodha ya mali za mradi iliandikwa "mbovu", kwa hiyo hakuna aliyeitaka, na mlinzi alimruhusu Zuhura aichukue.

Nikaifungua mbele yao. Ndani kulikuwa na mayai ya mjusi, matano. Vyuma vya kugusia umeme vimeota kijani. Roli la mpira limekauka likawa linang'aa kama sahani. Na chini ya katriji zote mbili, ya nyeusi na ya rangi, wino umeganda kama lami.

"Mwalimu," nikasema, "nikwambie kweli au nikwambie vizuri?"

"Niambie kweli, mwanangu. Nimefundisha miaka thelathini na mitano, ya vizuri nimeshayasikia sana."

"Haifai. Nikihangaika nayo siku mbili, pengine itachapa wiki moja. Katriji zake haziuzwi tena hata Dar. Utakuwa umejipa matumaini ya bure."

Zuhura akainamisha kichwa. Mzee alitikisa chake pole pole, hakuonekana kuumia sana.

"Nilikuwa na maneno yangu nataka yachapwe," akasema. "Maneno ya kwetu, ya Kimtang'ata. Mama yangu na mashoga zake walikuwa na maneno ambayo huyasikii tena, watoto siku hizi wanaongea Kiswahili cha redio. Niliyakusanya tangu nilipokuwa mwalimu kijana. Zuhura akaniandikia kwenye kompyuta, kila jioni baada ya kazi, miaka miwili. Nilitamani niyashike yamechapwa kabla sijaondoka duniani. Lakini si kitu. Daftari zangu zipo, mwenye macho atazisoma."

"Hilo ndilo neno," nikasema, nimefarijika. "Daftari haihitaji umeme. Mpe mtu mwenye mwandiko mzuri anakili."

Tukaagana kwa wema. Nikaiweka printa rafuni pamoja na maiti wengine, nikaendelea na kazi zangu, nimeridhika kwamba safari hii sikudanganya mtu.

Kesho yake asubuhi, kabla hatujafungua madirisha yote, Zuhura alikuwa mlangoni, peke yake. Hakuamkia. Alikaa kwenye kiti kilekile alichokalia baba yake, akaanza kulia bila sauti.

"Daftari hazipo, dada," akasema.

"Hazipo vipi?"

"Nilizihifadhi kwenye kabati la ofisi, pale mradini, nisizibebe kila siku. Mvua zile kubwa zikaja, paa likavuja, mchwa wakapanda. Nilipofungua kabati nilikuta udongo. Zote tisa."

"Na baba yako hajui?"

"Macho yalikuwa yameshamwisha. Alikuwa anaziulizia kila siku. Nikachukua daftari zangu za shule, nikazifunga kwa kitambaa kilekile, nikamwekea chini ya kitanda. Usiku huzigusa kabla hajalala." Alifuta uso kwa upindo wa kanga. "Jana ulipomwambia daftari haihitaji umeme, nilitamani ardhi inimeze."

Ndipo nilipomkumbuka Mzee Yakobo na swali lake la tatu. Sikuwa nimeuliza anataka kuchapa nini. Ningeuliza sawasawa, ningeuliza pia ni kurasa ngapi, na kuna nakala gani nyingine, na wakati upo kiasi gani. Niliyauliza yote sasa. Kurasa mia na kumi na mbili. Nakala nyingine hakuna. Mahali pa kuingizia disketi kwenye kompyuta pameoza kwa chumvi, haiwezekani kuyatoa maneno kwa njia hiyo. Kompyuta yenyewe ni mali ya mradi, mlinzi haruhusu itoke, na lori la wilaya linakuja Jumamosi kuzoa kila kilichoandikwa kwenye orodha. Hiyo ilikuwa Jumatano.

"Huwezi kuwaomba watu wa wilaya?"

"Nimewaomba. Wakaniambia niandike barua."

Asubuhi hiyo nilizunguka ofisi mbili za mjini zenye printa nzima, kuomba waniazime siku moja. Wa kwanza alidhani natania. Wa pili, bwana mmoja mstaarabu, aliniuliza kama kweli nataka kuipakia printa yake kwenye basi la Kigombe kati ya magunia na kuku, na aliponiuliza hivyo hata mimi niliona ni wazimu. Nikarudi karakana, nikaishusha ile mbovu kutoka rafuni.

Sasa kazi yenyewe, maana najua ndiyo mnayoitaka. Sikuwa tena natafuta kumponya mgonjwa aishi. Nilitaka asimame siku moja. Hilo lilinipa uhuru mkubwa, kwani vitu vingi ambavyo fundi mwangalifu havigusi, mtu wa siku moja anaweza kuvijaribu. Vyuma vyenye kutu nilivisugua kwa kifutio cha penseli mpaka vikang'aa. Roli nililipitisha msasa laini kabisa, kidogo kidogo, lipate ukwaru wa kushika karatasi. Hiyo nilijifunza kwenye taipureta. Katriji nilizisimamisha ndani ya sahani yenye maji safi ya betri, si tindikali, yaliyopashwa moto, maana maji ya bomba ya Tanga yana chumvi yake, kina cha ukucha tu, mdomo chini. Baada ya muda nazikausha, nazibonyeza juu ya kitambaa cheupe, natazama. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili hakuna kitu. Alhamisi saa nne kitambaa kilipata doa la kijivu, na nilifurahi kama niliyeona mwezi wa Idi. Adhuhuri likawa jeusi. Rangi zilitoka jioni, nyekundu na bluu vizuri, manjano kwa shida.

Wino wenyewe ulikuwa mchache. Nikatoboa tundu juu ya katriji nyeusi, nikaongeza wino wa kalamu kwa bomba la sindano. Msitumie wino wa mhuri, hata mkiambiwa na nani. Huo huganda na kuua kila kitu. Wa kalamu ni mwepesi, na kwa siku moja hufaa. Mayai ya mjusi niliyahamishia kwenye kopo la pamba. Mniwie radhi, sikuweza kuyatupa.

Mkuu wangu wa kazi aliniuliza naenda Kigombe kwa shughuli gani. Nikasema kutengeneza printa. "Ile uliyoiandika haifai?" Nikasema ndiyo, ileile. Alinitazama, akasema, "Andika ruhusa," akaondoka. Ni katika mambo mema aliyonifanyia.

Ijumaa nilipanda basi la kwanza, printa mapajani. Zuhura na mlinzi walikuwa wananisubiri. Ofisi ilinuka popo na karatasi zilizolowa, na kule kwenye kabati niliona njia za mchwa bado zimeganda ukutani. Umeme ulikuwa wa jenereta ndogo ya mradi. Petroli ilikuwa kibuyu kimoja, na Zuhura hakuniambia ameipataje. Mwalimu Sefu alikuja kwa mkongojo, amefurahi, akakaa barazani. Yeye aliambiwa tu kwamba Bi fundi amebadili mawazo.

"Nilijua utabadili," akaniambia. "Sauti yako siku ile haikuwa na uhakika."

Kompyuta iliwaka mara ya tatu. Zuhura akafungua maandishi yake, nami kwa mara ya kwanza nikayaona. Mpangilio wa herufi, A mpaka Z, kila neno na maana yake, na pengine jina la bibi aliyelisema. Kulikuwa na maneno ya aina za udongo. Kulikuwa na majina ya samaki mmoja kwa umri wake, akiwa mdogo jina hili, akikua jina lile. Kulikuwa na neno la mama anayejifanya amelala ili mtoto alale. Mimi ni Mdigo, nimekulia pwani hiihii, na maneno mengi sikuyajua.

Zuhura alipunguza ukubwa wa herufi na kuchagua chapa hafifu ili kubana wino. Tukatia karatasi. Printa ikakohoa, ikavuta, ikakataa, ikavuta tena. Mstari wa kwanza ukatoka. Zuhura alijiziba mdomo.

Herufi A, B na Ch zilitoka safi. Kwenye H mistari ikaanza kupita katikati ya maneno, nikaitoa katriji, nikaifuta, nikairudisha. Kwenye K vilevile, mara mbili. Tulipofika M, na M kama mjuavyo ndiyo iliyobeba nusu ya Kiswahili, maandishi yalianza kupauka, yakawa ya kijivu, yakawa kivuli. Nikasafisha. Nikaongeza wino. Nikapiga kitako cha katriji kwa kiganja, jambo ambalo msilifanye. Ukurasa wa mwisho wa M ulitoka kwa taabu, na baada ya hapo karatasi zikatoka nyeupe.

Jenereta ilikuwa inanguruma nje. Mchana huo mzee alikuwa ameshakwenda msikitini. Nilianza kufikiri namna ya kumwambia Zuhura kwamba tumejaribu.

"Dada," akasema, "ile ya rangi je?"

"Ya rangi haichapi nyeusi."

"Si lazima iwe nyeusi."

Akayateua maneno yote kuanzia N na kuyageuza bluu. Mimi nina cheti cha Dar es Salaam, na sikuwa nimeliwaza hilo. N ikatoka ya bluu, bluu mpauko lakini inasomeka. Ikafuata P, ikafuata S, ikafuata T. Bluu ikachoka mwanzoni mwa U, tukahamia nyekundu. Nyekundu ilitufikisha mwisho wa W. Ikabaki manjano, na manjano juu ya karatasi nyeupe haionekani hata kwa mwenye macho mazima. Y na Z ni fupi. Nilisoma kwenye kioo, Zuhura akanakili kwa mkono, haraka, huku jenereta imeanza kukatakata. Tulipomaliza neno la mwisho tulikuwa tumebakiwa na sauti ya jenereta tu, kioo kimezima.

Niseme hapahapa yaliyofuata, nisije nikasahau. Jumamosi lori lilikuja, likachukua kompyuta, viti na hata lile kabati. Printa haikuchapa tena hata nukta. Kwenye kitabu cha kazi nililiacha lilelile neno "haifai", kwa sababu lilikuwa kweli.

Mwalimu Sefu alirudi kutoka msikitini na kofia yake mkononi. Zuhura akamwekea rundo la karatasi mapajani. Alilishika kwa mikono miwili, akalipima uzito, akainusa karatasi ya juu, akapitisha vidole pembeni kama anayehesabu. Kisha akatabasamu.

"Sasa kazi ya mwalimu," akasema. "Zuhura, kalete daftari. Tutazilinganisha, wewe na Bi fundi mtasoma, nisikie kama hakuna neno lililorukwa."

Zuhura hakuondoka. Nilitaka kutoka nje, lakini alinishika upindo wa nguo.

"Baba, daftari hazipo."

"Zipo chini ya kitanda."

"Zile si zako. Zako zililiwa na mchwa. Zilikuwa kwenye kabati hili hapa, niliziacha mimi. Zile ni daftari zangu za shule."

Uso wa mzee haukubadilika upesi. Uliondokewa na lile tabasamu taratibu tu.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zile."

"Mvua zile," akarudia. "Mwaka mzima nazigusa." Akamrudishia rundo, akanyanyuka, akapapasa mpaka mlangoni, akasimama ametugeuzia mgongo. Mlinzi aliyekuwa barazani alijitia kufunga kamba za jenereta. Mimi nilitazama sakafu. Nilisikia Zuhura akisema, "Nisamehe, baba," mara mbili.

Hatimaye mzee akauliza, bila kugeuka, "Daftari zako za somo gani?"

"Hesabu."

"Za darasa la ngapi?"

"La saba."

"Kwa hiyo nimelala mwaka mzima juu ya hesabu zako za darasa la saba." Akavuta pumzi. "Na hesabu zenyewe ulikuwa huziwezi."

Zuhura alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko au kilio. Mzee akarudi, akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. Bado alikuwa ameumia, ilionekana kwenye midomo yake.

"Ungeniambia," akasema. "Kuliwa na mchwa ni kuliwa na mchwa. Lakini ungeniambia, ningekaa nikakumbuka. Mwaka mzima ningekuwa nakumbuka, na nilikaa tu kwa sababu nilijua zipo." Akakung'uta kanzu. "Haya. Tafuta tandilo."

Zuhura akapekua mpaka kwenye kurasa za bluu. "Tandilo," akasoma. "Kitambaa ambacho wanawake wawili hukiburuza majini kukamatia uduvi."

"Basi?"

"Basi."

"Haitoshi. Mama yangu alikuwa akituita sisi watoto matandilo, kwa sababu tulikusanya kila lililosemwa na wakubwa uani, la maana na lisilo na maana. Hilo sikuliandika hata kwenye daftari. Nimelikumbuka sasa hivi." Akainua uso upande niliokuwa nimesimama. "Bi fundi, una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Nikampa Zuhura, akaandika pembeni mwa ukurasa. Mzee akamwambia asome alichoandika, akasoma, akamrekebisha neno moja, akasema endelea na linalofuata.

Basi la mwisho la kurudi Tanga lilipiga honi barabarani. Nililisikia, na Zuhura akanitazama, maana na yeye alilisikia. Tulikuwa bado kwenye T.